Nani Amekichukua Kitufe Chetu?

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa darasa la kompyuta hapa Tororo. Tulipanga kuandika kitu cha kujisifu kidogo, lakini tulipokaa kuzungumza tukakuta kuna deni tunalodaiwa. Tulimlaumu mwenzetu kwa kosa ambalo halikuwa lake, tena tukiwa na uhakika kabisa. Kwa hiyo tunaandika hilo. Ndani yake kuna mambo mengi ya vitufe na seva, na anayejifunza kazi hii atapata cha kuchukua. Asiyejifunza naye asikimbie, tutaeleza polepole.

Mwenzetu huyo tunamwita Yaya. Wakenya msicheke, tunajua kwenu yaya ni mlezi wa watoto. Yeye ametoka Bukavu, na kwao yaya ni dada au kaka mkubwa. Darasani kwetu yeye ndiye mkubwa, na ndiye aliyekuwa anatunza funguo za chumba. Akifika saa mbili asubuhi, nasi tunafika saa tatu na visingizio.

Kulikuwa na mafunzo ya mtandaoni ya kusimamia seva. Seva ni kompyuta iliyoko mbali, ambayo unaiendesha kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi linaloitwa terminali. Mwisho wa mafunzo kuna mtihani wa vitendo wa saa mbili. Ukipita, unaingia kwenye orodha ya watu wanaopewa vibarua vya kutunza seva, kazi unayoweza kuifanya popote penye intaneti na stima. Wengi mnaosoma hapa mnajua uzito wa neno hilo, popote.

Terminali ya mtihani haikuwa programu ya kusakinisha. Ilifunguka ndani ya kivinjari, kwenye kichupo, kama ukurasa mwingine wowote. Kumbukeni hilo.

Yaya alikaa kwenye mashine ya kundi. Masharti yaliruhusu kusoma popote na kuuliza yeyote, mradi kazi aifanye mwenyewe, kwa hiyo sisi tulikaa nyuma yake. Alikuwa anaandika skripti ndani ya Vim, ile programu ya kuhariri maandishi inayopatikana karibu kila seva. Saa moja na dakika ishirini zilikuwa zimepita, na kazi inakwenda vizuri. Akataka kutoka nje ya Vim kidogo ajaribu kitu, halafu arudi. Mwalimu alikuwa ametufundisha: bonyeza Ctrl na Z, Vim inasimama pembeni, unajaribu mambo yako, ukiandika fg unarudi pale pale ulipoachia.

Yaya akabonyeza. Kichupo chote kikapotea, terminali na kila kitu. Pakabaki ukurasa wa habari za mpira aliokuwa ameufungua mtu mwingine asubuhi.

Alirudi haraka, akaingia tena. Alipoifungua faili yake, Vim ikaleta onyo refu la Kiingereza lililojaa skrini, na chini yake herufi za kuchagua. Akageuka: "Hii inasema nini?" Mmoja wetu, bila hata kusoma, akajibu: "Bonyeza E, endelea tu." Akabonyeza E. Faili ikafunguka kama ilivyokuwa mara ya mwisho kuhifadhiwa, yaani mistari michache ya mwanzo. Kazi ya zaidi ya saa nzima haipo. Dakika thelathini na kitu zilikuwa zimebaki. Akaanza upya, mikono inatetemeka, na kabla hajafika mbali kichupo kikapotea tena vilevile. Hapo akainuka.

"Mimi nilifinya tu Z," alisema, "kisha vyote vikapotea."

Sasa sikilizeni tulivyosema baada ya yeye kutoka. Mmoja alisema Yaya ana haraka. Mwingine akasema watu wakubwa kompyuta inawasumbua. Wa tatu akaleta ushahidi: alikaa kwenye mashine ileile, akabonyeza Ctrl na Z mara kumi, na hakuna kilichofungwa. "Mnaona? Z haifungi kitu. Atakuwa amegusa kingine, anaona haya kusema." Sote tukakubali. Ushahidi ulikuwa mbele yetu.

Kesho yake funguo za chumba zililetwa na mtoto wa jirani yake. Yaya hakuja, wala kesho kutwa.

Zilipita siku kadhaa. Yule wa ushahidi alikuwa anajiandaa kwa mtihani wake, kwenye kivinjari kilekile. Akaigawa skrini ya Vim mara mbili aone faili mbili kwa pamoja. Ndani ya Vim, kuhama kutoka dirisha moja kwenda jingine unabonyeza Ctrl na W. Akabonyeza. Kichupo kikapotea. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema kwa sauti ndogo: "Jamani, njooni muone."

Ctrl na W, kwenye karibu kila kivinjari, maana yake ni funga kichupo. Kivinjari kilikuwa kimekichukua kitufe kabla Vim haijakiona.

Hiyo ilieleza shida yake. Ya Yaya bado. Yeye alisema Z, hakusema W. Ndipo binti mmoja wa kundi akakumbuka kitu ambacho sote tulikuwa tunakiona na hatukukiona. Yaya akiandika kwenye mashine ya kundi, mara nyingi huandika q mahali pa a, anacheka, anafuta, anaendelea. Tulidhani ni uzembe wa vidole.

Kongo wanatumia kibodi ya Kifaransa. Yetu hapa Uganda na Kenya inaanza na Q, W, E, R, T, Y. Ile ya Kifaransa inaanza na A, Z, E, R, T, Y. A na Q zimebadilishana nafasi. Z na W zimebadilishana nafasi. M nayo imepanda juu, kando ya L. Yaya alijifunza kuandika Bukavu, na vidole vyake vina ramani ya Bukavu. Alipotaka Z, kidole kilikwenda mahali Z inapokaa kwao. Kwenye mashine yetu, mahali hapo pana W.

Kwa hiyo alikuwa anasema kweli tupu. Alibonyeza Z yake, mashine ikapokea W, kivinjari kikafunga. Na hapa kuna jambo tulilojifunza ambalo hatukuwahi kulifikiria. Ukikosea herufi, unaiona kwenye skrini na unaifuta. Ukikosea njia ya mkato, huoni chochote, imeshatenda. Ndiyo maana Yaya aliweza kuandika kwenye kibodi yetu miezi kadhaa bila shida, na siku moja ya haraka ikamwangusha.

Tukaamua kuchunguza mambo yote, siyo hilo tu. Tulichukua daftari. Mmoja anabonyeza, mwenzake anatazama vidole, wa tatu anaandika kilichotokea. Tuliyoyakuta yako hivi.

Kitufe kina safari ndefu. Sisi wa huku tuna mfano wa karibu. Lori la Mombasa likija Uganda kupitia Malaba au Busia, zamani lilisimama upande wa Kenya, likakaguliwa, halafu likasimama tena upande wa Uganda. Kila afisa aliyelikuta njiani alikuwa na uwezo wa kulizuia. Ctrl na W yako ni hivyohivyo. Kwanza inapita kwa mfumo wa kompyuta yako, Windows au Linux. Halafu kivinjari. Halafu terminali. Halafu inasafiri kwenye mtandao hadi kwenye seva. Kule inaweza kupokelewa na tmux, ambayo ni programu ya kutunza vipindi vya kazi. Mwisho inafika kwa bash inayosoma amri zako, au kwa Vim. Wa kwanza kusema "hiki ni changu" anakichukua. Walio nyuma yake hawapati hata habari kwamba kilikuja. Vim haikumkatalia Yaya kitu. Vim haikuletewa.

Kwa nini wanagombania vitufe vilevile? Kwa sababu ni vichache, na ni vya zamani. Terminali zinafuata mpangilio wa herufi unaoitwa ASCII, uliotolewa 1963, ambapo Ctrl pamoja na herufi inatuma namba kuanzia 1 hadi 26. Ctrl na A ni 1, Ctrl na W ni 23. Baadhi zina kazi nyingine tayari: Ctrl na I ni kitu kimoja na kitufe cha Tab, Ctrl na M ni kitu kimoja na Enter. Kwa hiyo kuna herufi 26 tu, na kila programu iliyozaliwa baadaye ilijichagulia humo. Vim ilitoka 1991, tmux 2007, na vivinjari navyo vikachagua vyao. Kila mmoja alichagua vizuri nyumbani kwake. Shida inaanza wakiwekwa chumba kimoja. Nadhani hapa kwenye kundi letu hatuhitaji kueleza zaidi maana ya watu wengi chumba kimoja.

Sasa migogoro tuliyoikuta na tulivyoitatua. Nakilini.

Ctrl na W kwenye kivinjari. Chrome, kwenye dirisha la kawaida, hairuhusu ukurasa kuzuia Ctrl na W, Ctrl na T wala Ctrl na N. Ina sababu: ukurasa mbaya ungeweza kukukatalia kuufunga. Kwa hiyo usipoteze siku ukitafuta namna ya kuulazimisha. Dawa ya kweli ni kutoka kwenye kivinjari: tumia programu yenyewe ya terminali na uingie kwenye seva kwa amri ya ssh. Ukilazimika kubaki kwenye kivinjari, zuia vidole. Kwenye bash, kufuta neno moja nyuma tumia Alt na kitufe cha kufutia badala ya Ctrl na W. Kwenye Vim, kuhama dirisha andika

:wincmd w

Ni ndefu, lakini haifungi kitu.

Ctrl na S. Mtu amezoea kuhifadhi kazi kwa Ctrl na S. Kwenye terminali haihifadhi, inasimamisha skrini. Unaandika, hakuna kinachoonekana, unadhani mtandao umekufa, unafunga kila kitu kwa hasira. Kumbe ni desturi ya mashine za zamani za teletaipu, kuambia upande wa pili "subiri kwanza". Ctrl na Q inasema "haya, endelea", na yote uliyoandika yanatokea. Ukitaka kuondoa kabisa tabia hiyo, weka mstari huu kwenye faili ya .bashrc:

stty -ixon

Na ukiwa kwenye Linux na Firefox, angalia Ctrl na Q hiyohiyo: ndani ya kivinjari maana yake ni kufunga Firefox nzima. Mwenye vidole vya kibodi ya Kifaransa akitaka Ctrl na A ili arudi mwanzo wa mstari, kwenye kibodi yetu anabonyeza Q. Mmeona mtego.

Ctrl na C. Kote kwingine ni kunakili. Kwenye terminali ni kuua programu inayokimbia. Mmoja wetu alitaka kunakili mstari wa taarifa na akaua kazi iliyokuwa imekimbia dakika arobaini. Kwenye terminali nyingi za Linux unanakili kwa Ctrl, Shift na C, na kubandika kwa Ctrl, Shift na V. Kwenye PuTTY, ambayo wengi wa Windows wanaitumia, ukichagua maandishi kwa kipanya yameshanakiliwa, na kitufe cha kulia cha kipanya kinabandika.

Ctrl na B. Hii ni ya tmux, ndiyo kitufe cha kuiita kabla ya kuiamuru. Lakini bash nayo inaitumia kurudi herufi moja nyuma, na Vim kurudi ukurasa mmoja. Na ukiwa na tmux kwenye kompyuta yako, halafu ukaingia kwenye seva yenye tmux yake, ya kwako ndiyo inachukua kwanza. Ukibonyeza Ctrl na B mara mbili, ya pili inapitishwa hadi kwa iliyo ndani. Au badilisha ya kwako kwenye faili ya .tmux.conf:

set -g prefix C-a
unbind C-b
bind C-a send-prefix

Sasa ya nyumbani inaitika kwa Ctrl na A, ya mbali kwa Ctrl na B. Bash nayo ina Ctrl na A yake ya kwenda mwanzo wa mstari, kwa hiyo ukiitaka ukiwa ndani ya tmux, bonyeza mara mbili. Hakuna kitufe cha bure. Unachagua tu nani asogee.

Kuna namna ya kujua nani amekichukua. Ukiwa kwenye bash, bonyeza Ctrl na V, halafu kitufe unachokitilia shaka. Kikifika, bash inakuonyesha alama yake, kwa mfano ^W. Kisipoonekana chochote, au kikitokea kitu kingine kabisa, kuna mtu amekichukua njiani. Hapo unahesabu vituo kimoja kimoja kuanzia kwako. Angalizo: baadhi ya terminali, ya Windows mojawapo, zinatumia Ctrl na V kubandika, kwa hiyo hata kipimo chenyewe kinaweza kuchukuliwa. Tulicheka sana tulipokuta hivyo.

Na kibodi. Kwenye Windows, ukishaongeza Kifaransa kwenye mipangilio ya lugha, kitufe cha Windows pamoja na nafasi kinabadilisha ramani. Kwenye Linux ya mashine yetu tunaandika

setxkbmap fr

na tukimaliza tunarudisha kwa setxkbmap us. Herufi zilizochapwa kwenye vitufe zinabaki zilezile, lakini mwenye kuandika bila kutazama hajali. Ni amri moja fupi. Miezi yote ile Yaya alikuwa anaandika kwa ramani ya watu wengine, na dawa ilikuwa maneno mawili.

Tunafika kwenye lile onyo la Kiingereza, ambalo ndilo linatuuma zaidi. Tulilifungua tena tukalisoma, mstari kwa mstari. Vim, wakati unaandika, inaweka nakala kwenye faili ya muda pembeni. Kwa kawaida inafanya hivyo kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4. Kichupo kikifungwa, stima ikikatika, mtandao ukipotea, faili ile inabaki. Ukirudi, Vim inakuonya kwamba imeikuta na inakupa kuchagua. Herufi R inarudisha kazi yako. Hata ukikosea ukachagua E, unaweza kutoka na kuandika vim -r na jina la faili, bado ikarudishwa.

Kazi ya Yaya haikuwa imepotea. Ilikuwa pale, herufi moja kutoka kidoleni pake. Sisi ndio tuliomwambia abonyeze E. Halafu tukasema ana haraka.

Siku hiyohiyo tukaona kitu kingine. Ukifungua Vim bila faili, ukurasa wa kwanza una mistari michache, na mmoja unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Mwanzoni tulidhani ni utani. Tukafungua maelezo yake kwa kuandika :help iccf. Kumbe mtengenezaji wa Vim, Mholanzi Bram Moolenaar, aliwahi kujitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililoumizwa sana na UKIMWI. Vim akaitoa bure, na akaomba anayeipenda achangie kituo hicho. Alifariki Agosti 2023. Kwa hiyo watu wa dunia nzima, wakifungua programu hiyo, wanakutana na jina la nchi hii.

Tulikuwa na maoni tofauti juu ya mstari ule. Mmoja alisema ni jambo zuri, mtu alikumbuka. Mwingine akasema anachoka kuonekana kwenye kila skrini kama mtoto wa kusaidiwa, yeye yuko upande wa kuandika programu, siyo upande wa picha. Hatukukubaliana mpaka leo. Lakini wote tulicheka kwamba sisi, ambao tuko Uganda, ndio tuliokuwa hatusomi Vim inachosema.

Jioni ile tulienda kwa Yaya, watu wanne. Alikuwa anapika. Alitukaribisha, akatupa viti, hakuuliza tumefuata nini. Yule wa ushahidi ndiye aliyeanza, akaeleza yote, W na Z na ile E. Akaomba msamaha. Yaya akakoroga chungu chake muda mrefu. Halafu akasema: "Siku ile kila mtu aliniuliza nimefanya nini. Hakuna aliyeniuliza nimefinya wapi."

Hatukuwa na jibu. Tukala, tukaondoka usiku. Funguo tulikuwa tumezibeba. Aliziangalia, akasema tuziweke mezani.

Tuliwaandikia waandaaji wa mtihani. Hatukulalamika, tulieleza tu kitufe kilivyosafiri, na tukaomba vitu viwili: Yaya arudie, na aruhusiwe kuingia kwa ssh kutoka kwenye terminali ya kweli. Walikubali. Safari hii alifanya kwenye ramani yake ya Kifaransa, na kitu cha kwanza alichofanya alipoingia kwenye seva ni kufungua tmux. Sisi tulikaa nje.

Dakika ya hamsini stima ilikatika mtaa mzima. Waifai ikazimika. Tulitazamana pale nje, hakuna aliyeingia. Baadaye alituambia alichofanya. Laptopu ilikuwa na chaji, akaiunganisha na bando la simu yake, akaingia tena kwenye seva, akaandika

tmux attach

na kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha, hata mahali kasa ilipokuwa inawakawaka. Alipita. Kibarua cha kwanza bado hakijaja, orodha ni ndefu. Lakini jina lake limo.

Sehemu ya ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika ni fupi. Mnatuletea kompyuta, tunashukuru kweli. Mkileta, ulizeni kila mtu alijifunza kuandika wapi. Kwenye kundi moja hapa kuna waliosoma kwa Kifaransa, waliosoma kwa Kiingereza na waliosoma kwa Kiarabu, na kibodi zao siyo moja. Kabla ya mtihani wowote wa kompyuta, tupeni nusu saa na mashine ileile, kivinjari kilekile, tujaribu vitufe bila kuhesabiwa. Na mtu akishindwa, kabla hamjaandika kwenye fomu kwamba hakuwa tayari, mwambieni awaonyeshe alipoweka kidole.

Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, ili msafiri asimame upande mmoja tu. Foleni bado zipo, tunazijua. Lakini mtu alikaa akahesabu vituo, akauliza kipi kinaweza kutoka njiani. Sisi tulichelewa kuhesabu. Sasa ukutani kwenye chumba chetu tumebandika karatasi yenye orodha ya vituo vya kitufe, kutoka kidole hadi Vim. Juu kabisa Yaya ameandika kwa kalamu nyekundu: KIDOLE NI CHA NANI?

Wiki ijayo zamu ni ya watu wa kilimo. Mwenye mgogoro wa kitufe ambao hatukuutaja, tuandikie hapo chini. Usiseme tu umefanya nini. Sema umebonyeza wapi.